Sikio la simu lipimwe kama mizani kabla ya kuhesabu mbu Kilombero

Mkulima wa mpunga katika Bonde la Kilombero anaifahamu vizuri hasara ya kipimo kibovu. Anajua jinsi mizani iliyochezewa inavyoweza kumnyima kilo mbili katika kila gunia, na anajua jinsi lumbesa inavyomfanya auze mpunga mwingi kwa bei ya gunia moja. Ni kwa sababu hiyo serikali iliunda Wakala wa Vipimo mwaka 2002, na mfanyabiashara wa nafaka anatakiwa mizani yake ikaguliwe na kuwekwa alama. Lakini kuna kipimo kingine kilichokwisha kuingia katika bonde hili ambacho wengi wetu hatujafikiria kwamba nacho kinahitaji kukaguliwa. Kipimo hicho ni maikrofoni ya simu ya mkononi.

Taasisi ya Afya Ifakara, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford cha Uingereza, imeshiriki katika mradi unaoitwa HumBug. Katika mradi huo simu janja za bei nafuu hutumika kunasa mlio wa mbu, kisha kompyuta iliyofundishwa husikiliza rekodi hizo na kubaini kama kuna mbu na ni wa aina gani. Mwaka 2021 wanasayansi wa mradi huo walichapisha hazina ya saa 20 za sauti za mbu zilizonaswa katika nchi mbalimbali, ikiwamo Tanzania, na saa 18 kati ya hizo zilikuwa na majina ya aina 36 za mbu. Programu ya simu inayofanya kazi hiyo inaitwa MozzWear, na kipo pia chandarua kilichobuniwa ili simu ikae karibu na mtu aliyelala usiku kucha.

Naiunga mkono kazi hii. Njia za zamani za kuhesabu mbu ni ghali na zinachosha. Mtu hukaa usiku kucha ameacha miguu wazi ili awakamate mbu wanaotua, au mitego ya taa husambazwa nyumba hadi nyumba na mtaalamu hukaa na darubini asubuhi kuwachambua. Simu iliyomo mfukoni mwa mkulima ingepunguza gharama hiyo kwa kiasi kikubwa. Hoja yangu ni kwamba kabla hatujaamini hesabu ya simu, lazima tujue sikio lake limepinda kiasi gani na tulinyooshe.

Maikrofoni nayo ina rangi yake

Kila maikrofoni huongeza kitu chake katika sauti inayoinasa. Mwimbaji mmoja wa kwaya akiimba katika maikrofoni mbili tofauti, moja itaifanya sauti yake iwe nzito, nyingine itaifanya iwe kali na nyembamba. Mwimbaji hakubadilika. Kilichobadilika ni kifaa, ambacho hukuza baadhi ya sauti na kufifisha nyingine. Mafundi wa studio huita hali hiyo rangi ya maikrofoni.

Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya watu, na mtengenezaji huipangia iipendelee sauti ya binadamu. Isitoshe, simu nyingi huichakata sauti zenyewe kabla ya kuihifadhi: zinapunguza kelele za nyuma, zinapandisha sauti ndogo na kushusha kubwa. Kwa mtu anayepiga simu akiwa sokoni huo ni msaada mkubwa. Kwa anayemtafuta mbu ni balaa, kwa sababu mlio mwembamba unaoendelea mfululizo ndicho kitu ambacho simu imefundishwa kukihesabu kuwa kelele na kukifuta.

Tuangalie mlio wenyewe. Mbu jike wa jamii ya Anopheles, wanaoeneza malaria, hupiga mabawa takriban mara 300 hadi 600 kwa sekunde. Tuchukue mfano wa mbu anayepiga mara 450. Sauti yake ya msingi itakuwa hezi 450, lakini juu yake zitakuwapo sauti nyingine ndogo zinazoambatana nayo: hezi 900, hezi 1,350, hezi 1,800 na kuendelea. Rangi ya maikrofoni haiwezi kuigeuza 450 ikawa 500. Inachoweza kufanya ni kubadili uwiano, yaani sauti ya 900 ionekane kubwa kuliko ilivyo, na ile ya 1,800 ionekane kama haipo.

Hapo ndipo penye tatizo. Mbu wa aina mbili tofauti wanaweza kupiga mabawa kwa kasi zinazokaribiana, na hata mbu wa aina moja hubadilika kutokana na ukubwa wa mwili na joto la usiku ule. Kwa hiyo sauti ya msingi peke yake haitoshi kuwatofautisha. Kompyuta hutazama pia jinsi zile sauti za juu zilivyopangana. Endapo maikrofoni imeuharibu mpangilio huo, kompyuta inaweza kujifunza tabia ya simu ikidhani inajifunza tabia ya mbu.

Wanamuziki walitangulia

Tatizo hili si geni kwa watengenezaji wa muziki, na dawa yake waliipata mapema. Karibu na mwaka 2000 kampuni ya Antares ya Marekani, ileile iliyoleta Auto-Tune mwaka 1997 ambayo vijana wa Bongo Fleva wanaifahamu sana, ilitoa programu ya kuiga maikrofoni. Baadaye zikaja nyingine, kama Sphere ya Townsend Labs. Lengo lilikuwa kumwezesha mtu mwenye maikrofoni moja apate sauti inayofanana na ya maikrofoni za gharama kubwa.

Programu za namna hiyo hufanya kazi kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kuivua sauti rangi ya maikrofoni iliyotumika, ibaki nyofu. Hatua ya pili ni kuivalisha rangi ya maikrofoni nyingine ambayo fundi anaipenda. Sisi wa Kilombero hatuna haja na hatua ya pili. Tunaihitaji ile ya kwanza tu.

Namna ya kuivua rangi hiyo inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kushughulika na mizani. Ukijua kwamba mizani yako huongeza kilo mbili daima, hulazimiki kuitupa. Unapima, unatoa mbili, unapata uzito wa kweli. Kosa linalojulikana na lisilobadilika halileti hasara. Hasara hutokana na kosa usilolijua. Kwa maikrofoni, fundi hupiga katika spika sauti inayopanda polepole kutoka nzito hadi nyembamba, akainasa kwa maikrofoni ya kupimia ambayo ukweli wake unajulikana, kisha akainasa kwa simu iliyowekwa mahali palepale. Akilinganisha rekodi hizo mbili anapata jedwali la makosa ya simu. Kama simu iliongeza desibeli 6 kwenye hezi 900, programu itaondoa desibeli 6 hapohapo. Kama ilipunguza desibeli 4 kwenye hezi 1,800, itarudisha 4.

Vifaa vya kazi hii havina bei ya kutisha. Maikrofoni ya kupimia kama UMIK-1 ya kampuni ya miniDSP huuzwa kwa bei inayolingana na ya simu janja ya kawaida, na kila moja ina faili lake la masahihisho linalopatikana kwa namba yake. Programu ya kompyuta ya Room EQ Wizard, inayotumika kupima sauti, hutolewa bure.

Hasara iko wapi kwa mkulima?

Mkulima anaweza kuuliza mambo haya yanamhusu nini yeye mwenye ekari mbili za mpunga. Yanamhusu katika nguvu kazi. Msimu wa kilimo unapofika, kaya nyingi za bondeni huhamia mashambani na kuishi katika vibanda hadi mavuno, wakilima, wakipalilia na kufukuza ndege. Huko ndiko mbu waliko, na zahanati iko mbali. Watafiti wa Ifakara waliichunguza hali hiyo, na mwaka 2008 walichapisha makala kuhusu hatari ya malaria na upatikanaji wa kinga na tiba kwa wakulima hao.

Tufanye hesabu ya mfano. Kaya ina watu watatu wa kupandikiza. Mmoja akishikwa na malaria kwa siku tano, na mwingine akatumia siku mbili kumpeleka hospitali na kumuuguza, kaya imepoteza siku saba za kazi. Miche kitaluni haingoji. Mkulima atalazimika kuajiri vibarua wakati ambao kila mtu anawatafuta na bei yao iko juu, au atapandikiza kwa kuchelewa na kuvuna pungufu. Kila mmoja aweke malipo ya kibarua ya kijijini kwake aone anapata shilingi ngapi.

Sasa, fedha za kupambana na mbu hazitoshi kila mahali, kwa hiyo hupelekwa panapoonekana pana tatizo kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika vijiji vya bonde hili mbu aina ya Anopheles funestus alisababisha zaidi ya asilimia 80 ya kuumwa kunakoambukiza, ingawa Anopheles arabiensis walikuwa wengi zaidi kwa idadi. Hao wawili hawana tabia zinazofanana. Funestus hupendelea kuingia ndani ya nyumba na huzaliana zaidi katika maji yanayodumu. Arabiensis huzaliana hata katika majaruba na madimbwi ya muda, na huwauma watu na ng'ombe, ndani na nje. Simu ikimwita mmoja kwa jina la mwenzake, dawa inaweza kupulizwa mahali ambapo si penyewe, na fedha zikaisha huku mkulima akiendelea kuugua.

Ipo hatari nyingine inayojificha zaidi. Tuseme vijiji viwili vina mbu wanaolingana. Katika kijiji cha kwanza watu wamepewa simu zenye maikrofoni nzuri, na katika cha pili wanatumia simu za zamani zenye masikio mazito. Simu za kijiji cha pili zitasikia mbu wachache, na taarifa itasomeka kwamba huko hali ni nafuu. Kijiji maskini zaidi, chenye simu duni zaidi, ndicho kitakachokosa msaada. Hiyo ni lumbesa ya aina mpya.

Tukumbuke pia kwamba vipimo vya bonde hili havibaki hapa. Mradi wa vyandarua vya Zuia Mbu ulioanza mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulipimwa kwa uangalifu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Ushahidi wa namna hiyo ulisaidia kuzaa mpango wa taifa wa Hati Punguzo mwaka 2004. Kipimo kizuri cha Ifakara kilinufaisha nchi nzima. Kipimo kibovu cha Ifakara nacho kitasafiri umbali uleule.

Wanaosema haina haja

Wapo watakaosema kwamba jambo hili nalikuza. Watataja utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2017, ambao ulionyesha kwamba hata simu za kawaida za miaka ya nyuma zilinasa mlio wa mbu vizuri kiasi cha kujua kasi ya mabawa yake. Ni kweli, na ni habari njema. Lakini utafiti huo unathibitisha jambo ambalo nimelieleza hapo juu: rangi ya maikrofoni haibadilishi kasi ya mabawa. Haituondolei tatizo la uwiano wa sauti za juu, wala la simu kutosikia mbu aliye mbali.

Wengine watasema dawa ni kuifundisha kompyuta kwa rekodi za simu nyingi tofauti, hadi izoee rangi zote. Njia hiyo ni nzuri, na rekodi za HumBug zenyewe zilinaswa kwa vifaa vya aina mbalimbali. Lakini simu zinazouzwa Ifakara leo sizo zitakazouzwa miaka mitatu ijayo. Kompyuta iliyozoea simu za jana itakutana na simu ya kesho bila kuijua. Jedwali la makosa huandaliwa kwa muda mfupi, wakati kukusanya upya saa nyingi za mlio wa mbu ni kazi ya miaka. Njia hizi mbili zitumike pamoja.

Lazima pia niseme programu isipoweza. Haiwezi kurudisha kilichokuwa hakikusikika. Kama simu imeshusha sauti fulani kwa desibeli 20, kuirudisha maana yake ni kuikuza mara kumi, na kelele za maikrofoni yenyewe zitakua mara kumi pamoja nayo. Mbu atazama humo humo. Vilevile haiwezi kurekebisha simu ambayo tundu la maikrofoni limezibwa na tope la jarubani au vumbi la pumba, au iliyofunikwa na kava nene, kwa kuwa simu hiyo si ile iliyopimwa tena. Na haiwezi kufufua mlio uliokwisha kufutwa na uchakataji wa simu. Tangu mwaka 2016, toleo la 7 la Android liliweka njia ya programu kuomba sauti ghafi isiyochakatwa, lakini si kila simu inaitoa.

Nini kifanyike

Kwanza, mradi wowote unaotaka kutumia simu za wananchi kupima mbu uchapishe jedwali la makosa la kila aina ya simu inayotumika kwa wingi katika eneo husika, na jedwali hilo liwe wazi kwa kila mtu. Lionyeshe rangi ya maikrofoni, lionyeshe kama simu inatoa sauti ghafi, na lionyeshe mbu anasikika kutoka umbali gani. Simu iliyoshindwa isiingizwe katika hesabu.

Pili, tutumie kile tulichonacho. Katika kijiji cha Kining'ina, jirani na mji wa Ifakara, Taasisi ya Afya Ifakara ina eneo la utafiti linaloitwa Mji wa Mbu, ambako mbu huchunguzwa ndani ya majengo makubwa ya wavu. Mbu waliofugwa, wanaojulikana aina na umri, wanaweza kuwa jiwe letu la mizani. Kila aina mpya ya simu isikilizishwe mbu haohao, kwa umbali uleule na joto lilelile, na majibu yake yalinganishwe na ya maikrofoni ya kupimia.

Tatu, vijana wetu wafundishwe kazi hii. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, mkoa huu huu. Mwanafunzi mwenye kompyuta, spika nzuri na maikrofoni moja ya kupimia anaweza kupima simu kadhaa kwa siku. Ujuzi huo hautaishia kwa mbu. Sikio la simu linaweza kutumika kesho kusikiliza wadudu ndani ya ghala, au kumjibu mkulima anayeuliza bei ya mpunga kwa sauti. Kila mahali maikrofoni isiyopimwa italeta matatizo yaleyale.

Nne, mkulima atakayeombwa kuweka simu chandaruani aulize maswali manne. Simu hii imepimwa? Nani analipia chaji na kifurushi cha intaneti? Mazungumzo yetu ya usiku yanafutwa kabla rekodi haijaondoka hapa? Na matokeo ya kijiji chetu tutaletewa lini? Asiyeweza kuyajibu arudi alikotoka ajipange.

Gharama ya haya yote ni ndogo ukilinganisha na bei ya kupuliza dawa katika kata moja ambako haikuhitajika. Upimaji wa simu ufanyike kabla ya mvua za kupandia kuanza na wakulima kuhamia vibandani, kwa sababu msimu ukishaanza hakuna atakayekuwa na nafasi ya kukagua kipimo, na hesabu itakayotoka, iwe ya kweli au ya uongo, ndiyo itakayotumika kupanga bajeti.